Mnara wa Tano wa Ourigal

Bi Eufrásia Cordovil alizaa watoto wawili na bendera tatu, na hakuona haya kukiri mbele za watu kwamba watoto walimsumbua kidogo kuliko bendera. Watoto walikwenda Ufaransa kujenga nyumba za watu wengine, wakawa wanarudi kila Agosti na gari jipya na Kireno kilichochakaa. Bendera hazikwenda popote. Zilibaki juu ya jengo la halmashauri ya Ourigal, zikipigwa na upepo wa mlimani mpaka ukingo ukaliwa, na kila moja ilipochoka alitakiwa yeye yuleyule aketi tena mbele ya kiwambo chake cha mbao cha kutarizia na kuanza upya. Ya kwanza aliitarizi mwaka 1948, ya pili mwaka 1969. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyonishikisha kalamu, aliimaliza mwezi wa Juni mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka sitini na saba na mtoto wa jicho katika macho yote mawili.

Nembo ya mji wetu haina fumbo. Ni ngao ya kijani, na ndani yake mbuzi jike wa fedha aliyesimama kwa miguu ya nyuma, akila majani ya mzeituni wa dhahabu. Juu ya ngao kuna taji la fedha lenye minara minne. Chini kuna utepe mweupe wenye herufi nyeusi: VILA DE OURIGAL, yaani mji wa Ourigal. Vyote hivyo viko katikati ya hariri ya njano. Minara ile haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Kijiji huvaa taji la minara mitatu, mji minne, jiji mitano, na sheria haimruhusu mtu kujiongezea mnara kama anavyojiongezea sukari katika kahawa. Mtoto wa darasa la tatu hapa kwetu analijua hilo kabla hajajua kuzidisha kwa saba. Mgeni akipita njiani na kuinua macho, anajua yuko mahali pa ukubwa gani bila kumuuliza mtu, na bila kudanganywa. Kwa maoni yangu, katika mambo yote yaliyowahi kuandikwa na serikali za nchi hii, hilo ni miongoni mwa machache yenye adabu.

Kutarizi bendera ya namna hiyo si kazi ya kupitisha muda. Bendera ya kweli haina ndani wala nje. Kila upande ni uso. Na kwa kuwa mbuzi lazima autazame mlingoti, upepo uvume kutoka kaskazini au kusini, mtarizi hulazimika kutarizi mbuzi wawili waliopeana migongo, mizeituni miwili, mataji mawili. Watu wa mjini waliona minara minne. Vidole vya Bi Eufrásia vilijua ni minane.

Lazima pia nieleze habari ya chuchu, kwa sababu bila hizo hutamwelewa mwanamke huyu.

Mwaka 1948 alikuwa na miaka ishirini na minne, ameolewa na Abílio, tarishi wa posta, na mama yake wa ubatizo, aliyemfundisha kushika sindano, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kazi ya bendera ilimwangukia. Akamtarizi mbuzi kama alivyowajua mbuzi, yaani mwenye kiwele kilichojaa na chuchu mbili. Padri wa wakati ule, mtu aliyeona dhambi hata katika matikiti, akafika nyumbani kuikagua kazi, akafunika macho kwa kofia.

"Eufrásia! Hicho ni nini?"

"Kiwele, Baba."

"Kitapita mbele ya kanisa la Mtakatifu Petro kikiwa wazi hivyo?"

"Mbuzi wote wanapita mbele ya Mtakatifu Petro hivyo, Baba. Kila asubuhi, wakienda malishoni."

"Kifumue."

Enzi zile padri akisema kifumue, kilifumuliwa. Bi Eufrásia akatii. Kwa miaka ishirini na moja Ourigal ikapeperusha mbuzi jike asiye na kiwele, na kwa miaka ishirini na moja watu wa Sarzedim, mji jirani ambao Mungu aliuweka ng'ambo ya bonde ili kutujaribu, walituimbia katika kila mechi ya mpira: "Mbuzi wao kakauka! Mbuzi wao kakauka!" Abílio alikufa mwaka 1966 bila kumwona mbuzi mwenye maziwa. Mwaka 1969 mjane wake alikirudisha kiwele, chuchu mbili kila upande, bila kumwomba mtu ruhusa, na siku ile aliapa katika duka la mikate, mbele ya wanawake kumi na mmoja, kwamba hatatia tena uongo juu ya bendera, aje padri, aje askofu, aje nani.

"Nilidanganya miaka ishirini na moja," alisema. "Tena nilidanganya juu ya paa, palipo na upepo."

Sasa tufike mwaka 1991. Kazi ilikuwa imemchukua miezi tisa badala ya saba, kwa sababu ya macho. Daktari alikuwa amemwambia kuwa upasuaji unahitaji kusubiri zamu, na foleni ilikuwa ndefu. Kila mtu mjini alijua kwamba hii ndiyo bendera ya mwisho ya mkono wake. Yeye mwenyewe alitaka jambo moja tu: mbuzi huyu wa mwisho apande mlingotini siku ya Mtakatifu Petro, tarehe ishirini na tisa Juni, akiwa kama alivyopaswa kuwa, bila kilichopungua wala kilichozidi.

Wiki tatu kabla ya sikukuu alikuwa sebuleni, amebakiza pindo, na jirani yake Capitolina, mwoka mikate mstaafu, alikuwa kando yake akimenya maharage mabichi. Mlango ukabishwa.

"Hodi humu ndani!"

"Karibu, Mheshimiwa. Futa miguu."

Aliyeingia ni Adérito Falcato, meya wetu, mtu mwenye masharubu yaliyopangwa vizuri kuliko bajeti yake. Akaizunguka bendera akiwa ameshika mikono nyuma.

"Nzuri! Nzuri sana, Bi Eufrásia. Imebaki mnara mmoja tu."

"Minara imekwisha. Hesabu."

"Nimehesabu. Iko minne. Ndiyo maana nasema umebaki mmoja."

Capitolina akaacha kumenya. "Huyu kalewa, au ni mimi?"

"Sikilizeni, mama zangu," meya akasema, akateremsha sauti kana kwamba Sarzedim ilikuwa imejificha nyuma ya pazia. "Muswada uko Lisboa. Bunge linapiga kura mwezi huuhuu. Ourigal inakuwa jiji! Nimeongea na mtu aliyeongea na mtu aliyekula naye chakula."

"Aliyekula na nani?" Capitolina akauliza.

"Na mhusika."

"Na huyo mhusika alikula nini?"

"Capitolina, mwache," Bi Eufrásia akasema, bila kuinua kichwa. "Mheshimiwa, sheria ikipita, niletee gazeti la serikali. Siku hiyohiyo naanza. Hata nikiwa kipofu nitapapasa."

"Lakini sherehe ni tarehe ishirini na tisa! Wageni wanakuja. Sarzedim wanakuja!"

"Waje. Supu itatosha."

"Mama yangu, ni mnara mmoja! Kidude kama kidole gumba! Uweke hapa pembeni, nani atajua?"

Hapo Bi Eufrásia akaitua sindano, na waliomjua wanajua hiyo ilikuwa ishara ya hatari.

"Njoo hapa. Tazama. Minara minne ina nafasi katikati, miwili huku, miwili huku. Umeona? Mitano haina nafasi katikati, ina mnara. Wa katikati ndio unaoshika wengine. Ukitaka mitano, sikuongezei mmoja. Namuua huyu, na huyu, na huyu, na huyu, kisha nageuza kitambaa naua wengine wanne, halafu nazaa kumi. Ukimbandika mmoja pembeni, taji litalala upande kama kofia ya mlevi."

"Na kwa macho yake hayo," Capitolina akaongeza, "kumi hawafiki. Labda utuachie jiji lenye minara sita na nusu."

"Kwa hiyo unakataa?" meya akauliza.

"Sikatai mnara. Nakataa kuusema kabla haujawa kweli. Nilishafanya hivyo mara moja."

Hapa naomba nisimamishe hadithi, kwa sababu kuna jambo linalonichoma na sitalipita kimya. Ili mji uitwe jiji, sheria hutaka wapiga kura wa kutosha, na hutaka hospitali, ukumbi wa maonyesho, makumbusho, hoteli, usafiri wa ndani na mengine kama hayo. Nimeuona kwa macho yangu waraka ambao halmashauri yetu iliupeleka Lisboa. Hospitali iliyotajwa mle ni zahanati ambayo daktari wake alikuja Jumanne na Ijumaa, gari lake likiwa zima. Ukumbi wa maonyesho ni banda la zimamoto, ambamo filamu huonyeshwa siku mashine inapokubali. Makumbusho ni chumba cha kinu cha zamani cha zeituni, chenye kinu kimoja na mbwamwitu mmoja aliyejazwa nyasi, aliyepoteza sikio. Hoteli ni nyumba ya mjane mmoja yenye vyumba vinne, na katika kimoja anaishi mama mkwe wake. Usafiri wa ndani ni basi linalokwenda kwingine. Mji usioweza kumpa mama mjamzito kitanda hauna haja ya mnara wa tano. Una haja ya kitanda. Mtu anayetaka cheo cha mahali pake aanze na bomba la maji, amalizie na taji. Lakini viongozi wetu walianza juu ya paa, kwa sababu juu ya paa ndiko kunakoonekana kutoka Sarzedim.

Siku mbili baadaye meya alirudi na karatasi yenye sahihi tatu na mhuri, iliyosema kwamba kitambaa, nyuzi na kila kilichoshonwa humo ni mali ya halmashauri. Bi Eufrásia aliomba asomewe mara mbili. Kisha akaipiga bendera pasi, akaikunja kwa karatasi nyembamba, akaikabidhi.

"Kitambaa chenu," alisema. "Uzi wenu. Mkono ni wangu, na mkono unabaki hapa."

Alipofunga mlango aliketi mbele ya kiwambo kitupu. Capitolina akamwekea kikombe cha kahawa mkononi.

"Watampeleka kwa nani?" Bi Eufrásia akauliza hatimaye. Alimsema mbuzi kama mtu anavyomsema mtoto aliyechukuliwa jeshini.

Haikuchukua muda kujua. Alipelekwa kwa Graciosa, shemeji yake meya, mshona mapazia, mwenye cherehani ya umeme iliyokuwa na mishono ishirini na minne, ambayo yeye alitumia miwili. Graciosa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeombwa na shemeji yake, na hilo huzaa mabaya mengi katika nchi hii kuliko ubaya wenyewe. Yeye mwenyewe alisimulia yote katika duka la mikate, kwa sababu siri ilimwasha kama upupu. Aliushona mnara wa tano upande wa kulia, baada ya wa mwisho, kwa uzi wa kung'aa wa mapazia. Kisha akageuza kitambaa, akashona mwingine mgongoni mwake. Akakiinua kitambaa dirishani.

"Shemeji," alimwambia meya, "taji linainama."

"Haliinami. Linaelekea mbele."

"Linaelekea Sarzedim, shemeji."

"Na huu utepe?" Graciosa akauliza tena. "Bado umeandikwa Vila. Juu ni jiji, chini ni mji."

Meya akautupia utepe jicho. "Nani anasoma chini?" akasema.

Ya kwamba jiji pia hukatiwa kitambaa chake vipande vinane vya rangi mbili, vinavyokutana katikati kama vipande vya keki, halikumjia akilini hata kidogo. Hakuwa ameitazama bendera ya jiji lolote zaidi ya minara yake, kama mtu anayemwona tajiri na kukumbuka saa yake tu.

Tarehe ishirini na saba Juni redio ilitangaza kuwa muswada wa majiji mapya umeahirishwa mpaka baada ya likizo ya Bunge. Ourigal haikupata, na Sarzedim, ambao nao walikuwa wamepeleka waraka wao, hawakupata pia. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa wameshona kitu. Watu walitarajia meya atafumua mnara wake. Lakini mtu aliyekwisha kualika wageni waje kumwona akiwa mkubwa hupata shida sana kuwapokea akiwa na ukubwa wake wa kawaida.

"Kuahirishwa si kukataliwa," alisema, na akaagiza bendi ifanye mazoezi.

Siku ya Mtakatifu Petro kulikuwa na jua kali. Uwanja ulijaa. Moshi wa dagaa waliokuwa wakichomwa ulitanda mpaka kwenye ngazi za kanisa, na pipa la divai lilikuwa limefunguliwa kabla ya misa, jambo ambalo nililipinga kwa maandishi. Zimamoto walisimama mstari mmoja wakiwa wamevaa kofia za shaba. Meya wa Sarzedim, Zulmiro Patarra, mtu mnene mwenye furaha isiyo na aibu, alikaa safu ya mbele kabisa. Shingoni alikuwa amening'iniza darubini yake ya kuwindia kware.

"Ya nini hiyo, ndugu yangu?" Adérito akamuuliza.

"Macho yangu mabovu, mwenzangu. Na mimi napenda sana kuhesabu."

Kulikuwa na desturi moja ambayo meya alikuwa ameisahau, au alitumaini kuwa wengine wameisahau. Kwetu, bendera mpya inapopanda mara ya kwanza, huifunga kambani mkono ule ule ulioitarizi. Meya alimwashiria kamanda wa zimamoto, Libório, ambaye ndiye mshika kamba, aifunge mwenyewe haraka. Libório alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyejua siasa. Alichojua ni kamba.

"Siwezi, Mheshimiwa."

"Huwezi kufunga fundo?"

"Fundo naweza. Ila si langu. Baba yangu alishika kamba hii akamngojea Bi Eufrásia. Babu alimngojea mama yake wa ubatizo. Mimi nikiifunga leo, nani atanisalimia kesho?"

"Basi aifunge Graciosa!"

Graciosa, aliyekuwa safu ya tatu, akajificha nyuma ya mgongo wa mumewe. "Mimi sipo!" akasema, kwa sauti iliyosikika vizuri sana.

Tayari watu walikuwa wameanza kuita. "Eufrásia! Bi Eufrásia!" Na Bi Eufrásia, aliyekuwa amekaa kivulini karibu na duka la dawa akiwa amevaa nguo yake nyeusi, akasimama, akashikwa mkono na Capitolina, akapanda ngazi za halmashauri moja baada ya moja mpaka barazani, ilikoshukia kamba ya mlingoti.

Hakuweza kuiona bendera vizuri. Akaisoma kwa vidole. Akaanza na mbuzi, pembe mpaka kwato, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akapita kwenye majani ya mzeituni. Akafika kwenye taji. Mmoja, miwili, mitatu, minne. Vidole vikasita, kisha vikarudi, kama ulimi unavyorudi penye jino lililovunjika.

"Nani huyu?"

"Mnara, mama," meya akanong'ona.

"Nauliza nani kamwalika."

"Mama, watu wanatazama!"

"Najua. Na mmoja ana darubini." Akautoa mkasi mdogo mfukoni mwa aproni aliyoivaa chini ya shali. "Kamanda, waambie bendi wapige."

Bendi ikapiga wimbo wa mji. Bi Eufrásia akaketi kwenye kiti cha meya, akaweka bendera magotini, akatafuta mahali uzi wa cherehani ulipofungwa. Uzi wa cherehani ni mwoga: ukishaukata wa chini na kuuvuta, wa juu hutoka wenyewe kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mnara wa tano wa upande wa mbele ukang'oka wote kwa mvuto mmoja, ukaanguka miguuni pa meya, na uwanja mzima ukapiga kelele kana kwamba limefungwa bao.

Upande wa pili haukuwa rahisi. Vidole vyake vikagundua kilichotokea: Graciosa, kwa kukosa nafasi, alikuwa amepitisha cherehani juu ya ukingo wa mnara wa nne, mnara wa Bi Eufrásia mwenyewe. Mishono ya mashine ilikuwa imeuma mishono ya mkono. Kuutoa mmoja ilikuwa lazima kuujeruhi mwingine.

Nilikuwa karibu, niliuona uso wake. Miezi tisa ya macho yake ya mwisho ilikuwa pale, kati ya makali mawili ya mkasi. Bendi ilimaliza wimbo, haikujua la kufanya, ikauanza tena.

"Uache, Eufrásia," Capitolina akamwambia polepole. "Ni upande mmoja tu. Wa nyuma. Hakuna anayeuona."

"Bendera haina nyuma," akasema, akakata.

Nyuzi za fedha zikalegea. Kilele cha mnara wa nne kikafumuka, kikabaki kama ukuta uliopigwa na mzinga. Kisha wa tano ukatoka. Bendi ilikuwa katika mzunguko wa nne wa wimbo, na mpiga tarumbeta kubwa alikuwa amekaa chini. Bi Eufrásia akainuka, akaifunga bendera kambani kwa mafundo yake mawili, akamgusa Libório begani.

Ilipanda. Upepo ukaigeuza, ukaionyesha upande wa mbele, ukaigeuza tena, ukaonyesha upande wa jeraha. Zulmiro Patarra alikuwa ameshaweka darubini machoni. Uwanja mzima ukamngojea adui yetu, kwani katika jambo hili hatukumwamini mtu mwingine yeyote.

"Minne!" akapaza sauti. "Mmoja umebomoka, lakini ni minne!"

Akasimama, akavua kofia kwa ajili ya bendera ya Ourigal. Sijui kama Sarzedim wamewahi kufanya hivyo kabla wala baada. Watu walipiga makofi mpaka njiwa wa kanisani wakahama. Adérito Falcato akapiga makofi pia, kwa kuchelewa, kama mtu anayecheka mzaha ambao hajaelezwa bado. Hakuomba radhi. Wakubwa wa aina yake hawaombi radhi. Husema walikuwa wanapima maoni ya wananchi.

Mtu mwingine angetosheka na siku hiyo. Asubuhi ya Jumatatu Bi Eufrásia alifika kwa Libório.

"Ishushe."

"Ishushwe? Juzi tu tumeipandisha, mama!"

"Imepanda na mnara uliovunjika. Kazi haijaisha. Nipe."

"Meya atasema nini?"

"Atasema alivyozoea. Nipe kamba."

Meya alisema mengi. Alisema mlingoti mtupu ni aibu, kwamba mwezi wa Julai wajumbe wawili wa kamati ya Bunge wanakuja kuukagua mji, kwamba mnara mmoja mbovu si kitu. Bi Eufrásia alimjibu kwamba atamrudishia bendera yake ikiwa nzima, na kama ana haraka, Graciosa ana mapazia. Wajumbe walikuja, wakala, wakatazama juu, wakaandika katika daftari zao kwamba mji wa Ourigal hauna bendera. Naona haki ilitendeka: aliyetaka minara mitano alipewa kiangazi kizima bila hata mmoja.

Alifanya kazi miezi mitatu na nusu kwa mnara mmoja, kwa lenzi aliyoazima kwa fundi saa, saa mbili kila asubuhi pale mwanga ulipoingia kwa dirisha la mashariki, kisha macho yakakataa mpaka kesho yake. Capitolina alimtia uzi sindanoni na kumsomea magazeti. Mara tatu alifumua na kuanza upya. Mara moja alilia, si kwa uchungu, bali kwa hasira, akamtupia paka lenzi.

Jumatano moja ya Oktoba, asubuhi, pakiwa na ukungu, bila bendi, bila meya, bila dagaa, walikutana chini ya mlingoti watu wanne: yeye, Capitolina, Libório na mimi niliyekuwa nikienda kutia barua posta. Mbwa wa duka la dawa alikuja pia, kwa hiari yake. Bi Eufrásia akaifungua bendera, akamshikia kamanda upande wa nyuma mbele ya macho.

"Hesabu kwa sauti."

"Mmoja," Libório akasema. "Miwili. Mitatu. Minne."

"Endelea."

"Imekwisha, mama."

"Una hakika?"

Libório akainama, akatazama karibu kabisa, pua ikagusa hariri.

"Nina hakika. Imekwisha."

"Basi vuta kamba," akasema Bi Eufrásia.